Kompyuta ya mezani haiwaki: mazabodi imekufa kweli au inasingiziwa?

Kompyuta ya mezani iliyotumika miaka 10 au 15 ikigoma kuwaka, hukumu hutoka haraka: mazabodi, yaani ubao mkuu ambao vipuri vyote huchomekwa, imeungua. Mara nyingi haijaungua. Kilichokufa ni pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme), au betri ya saa, au RAM (kumbukumbu ya muda) imeota kutu kwenye meno yake, au tundu la USB la mbele limepinda na linachapa shoti. Mazabodi husingiziwa kwa sababu ndiyo ngumu zaidi kuipima: vingine vyote unavichomoa na kubadilisha, yenyewe imekaa chini ya vyote. Kwa hiyo thibitisha kwanza kwamba kila kinachochomekwa juu yake ni kizima, ndipo uihukumu.

Tunazungumzia hapa mashine za mtumba zilizojaa maofisini, mashuleni na kwenye steshenari zetu: za soketi 775 (soketi hapa ni tundu la prosesa, ubongo wa mashine) kama Dell OptiPlex 780, za soketi 1155 kama HP Compaq 8200 Elite, na za miaka michache baadaye zinazotumia RAM ya DDR3.

Vifaa vinavyotosha ni multimita ya kawaida, bisibisi ya nyota, mswaki mkavu, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, betri mpya ya saa aina ya CR2032, RAM moja unayojua ni nzima, na ikiwezekana pawa saplai ya kuazima. Kabla ya kugusa chochote chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili chaji iliyobaki ishuke, kisha shika chuma kitupu cha kasha. Pawa saplai yenyewe usiifungue. Kapasita yake kubwa, yaani pipa linalohifadhi chaji, hubeba zaidi ya volti 300, na inaweza kukupiga hata baada ya waya kuchomolewa.

Kimya kabisa: hakuna taa, hakuna feni

Anzia ukutani. Jaribu soketi nyingine na waya mwingine, kisha tazama nyuma ya pawa saplai. Za zamani zina swichi nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa kwenye 115, ukaichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240, utasikia kishindo kimoja na harufu ya kuungua. Usikate tamaa hapo: kilichopasuka ni upande wa kuingizia umeme wa pawa saplai, na mazabodi mara nyingi husalimika.

Mazabodi nyingi zina kitaa kidogo kinachowaka mara tu unapochomeka waya, kabla hata ya kubonyeza kitufe. Kikiwaka, ule umeme wa volti 5 wa kusubiri unafika. Kama hakuna kitaa, weka multimita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye waya mweusi na nyekundu kwenye waya wa zambarau wa plagi kubwa ya pini 24. Lazima usome kati ya 4.75 na 5.25. Ukisoma sifuri, chomoa plagi hiyo kwenye mazabodi na upime tena. Volti zikirudi, kuna shoti upande wa mazabodi. Zisiporudi, pawa saplai imekufa.

Kuijaribu pawa saplai peke yake, iache imechomolewa kwenye mazabodi, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, kisha washa. Feni yake izunguke. Pima: njano isome 11.4 hadi 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47. Lakini jaribio hili lina udhaifu wake. Pawa saplai iliyochoka husoma vizuri ikiwa haina mzigo, kisha huanguka ikipewa kazi. Ukiirudisha kwenye mazabodi, pima tena kwa kuingiza ncha nyuma ya plagi wakati mashine inajaribu kuwaka. Njano ikishuka hadi 10 na kitu, umempata mkosaji.

Angalizo kwa wenye Dell OptiPlex 9020 au HP EliteDesk 800 G1: hizo hazina plagi ya pini 24. Ya Dell ina pini 8 na ya HP ina pini 6, na mpangilio wake ni wa kampuni yenyewe. Usilazimishe jaribio la kijani na nyeusi huko. Azima pawa saplai ya modeli ileile.

Pawa saplai ikiwa nzima na mashine bado kimya, chomoa kila kitu: hadi diski, DVD, kadi zote, na zile plagi za USB za mbele zinazoingia kwenye mazabodi. Usiruke hizo plagi za USB. Tundu la mbele limepokea flashi maelfu ya mara, ulimi wake wa plastiki umekatika, na pini zake zimelala juu ya chuma. Mashine inaona shoti na inakataa kuwaka. Ukiwa hapo angalia pia mende. Hupenda joto, na kinyesi chao kikipata unyevu hupitisha umeme. Safisha kwa mswaki na spiriti, acha ikauke vizuri.

Kisha fanya kipimo hiki, maana kinasema mengi kwa muda mfupi. Karibu na prosesa kuna plagi ndogo ya pini 4, mbili za njano na mbili nyeusi. Ichomoe, washa. Kama sasa feni zinazunguka, lakini ukiirudisha mashine inakuwa kimya, basi mosfeti (swichi ndogo za umeme) moja au zaidi zinazolisha prosesa zimechapa shoti. Thibitisha kwa multimita kwenye omu, waya wa ukutani ukiwa umechomolewa: pima kati ya njano na nyeusi kwenye pini za mazabodi zenyewe. Namba ikianza chini na kupanda polepole, hizo ni kapasita zinajaza chaji, ni kawaida. Namba ikiganda kwenye omu 1 au chini yake, ni shoti. Usichanganye na kupima kwenye koili zilizo pembeni ya prosesa: huko omu chache, au hata chini ya moja, ni kawaida maana unapima prosesa yenyewe.

Mosfeti iliyoungua inabadilishika kwa fundi mwenye blowa ya joto, ila mara nyingine imeshaondoka na prosesa. Usiweke prosesa nzima juu ya mazabodi hiyo kwa kujaribu.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Hapa ndipo mazabodi nyingi nzima hutupwa. Kabla ya yote hakikisha skrini na waya wake ni vizima, na kama kuna kadi ya picha, itoe na uchomeke skrini kwenye tundu la mazabodi.

Kisha toa RAM zote na uwashe bila RAM hata moja. Sikiliza. Mashine ikilia, furahi: prosesa inafanya kazi, BIOS (programu ya kuanzia iliyo kwenye chipu ya mazabodi) inasomeka, na mazabodi ina uhai wa kutosha kulalamika. HP za kizazi cha 8200 hulia mara 5 huku taa nyekundu ikimweka mara 5, maana yake tatizo la RAM. Milio 6 ni picha, milio 4 ni umeme, 3 ni prosesa, 2 ni joto, na 7 ndiyo inayoishtaki mazabodi moja kwa moja. Mashine iliyounganishwa na fundi mtaani huenda haina spika ya ndani. Tafuta ile ndogo ya plagi ya pini 4 uichomeke kwanza, vinginevyo ukimya wake hausemi kitu.

Ikilia bila RAM, tatizo liko kwenye RAM au nafasi zake. Shika RAM kwa pembeni, sugua meno ya dhahabu kwa ufutio wa penseli pande zote mbili mpaka yang'ae, pangusa vumbi la ufutio, malizia kwa pamba yenye spiriti. Pwani kazi hii ni ya lazima. Hewa ya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja ina unyevu na chumvi, na utaona utando wa kahawia au kijani kwenye meno ya RAM iliyokaa miaka bila kuguswa. Nafasi zenyewe zipige mswaki mkavu. Rudisha RAM moja tu, sukuma mpaka vishikio vyote viwili vijifunge vyenyewe, washa. Ijaribu kila nafasi. Mashine ikiwaka kwenye nafasi mbili na kukataa nyingine mbili, umepata ubovu wa kweli wa mazabodi, lakini ni ubovu unaoweza kuishi nao: tumia nafasi zilizo nzima.

Bado nyeusi? Toa betri ya CR2032, acha dakika 10 bila umeme, weka mpya. Kwa baadhi ya mazabodi betri iliyoshuka chini ya volti 2.7 haiishii kupoteza saa, inazuia kuwaka.

Kinachobaki ni prosesa. Kwenye soketi 775 na 1155 pini ziko kwenye mazabodi, prosesa ina vitone tu. Fungua soketi, toa prosesa ukiinyanyua wima, kisha mulika pini kwa tochi kutoka pembeni. Pini zote hurudisha mwanga kwa mstari ulionyooka. Iliyopinda inavunja mstari, inaonekana kama unywele mmoja uliosimama vibaya. Inyooshe kwa ncha ya sindano, ukiisukuma kidogo na kutazama tena. Ukiikata basi, isipokuwa uwe na bahati kwamba ni mojawapo ya pini nyingi za umeme au ardhi. Ukirudisha prosesa, futa paste ya zamani iliyokuwa ngumu kama udongo, weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati. Kwa mashine za kuunganishwa mtaani zenye feni ya Intel ya soketi 775, kagua vile vishikio vinne vya plastiki. Kimoja kikivunjika, chuma cha kupoozea hunyanyuka upande, prosesa inachemka ndani ya sekunde chache na mashine inajizima. Wengi huita hiyo mazabodi mbovu.

Mashine isiyolia hata bila RAM, ukiwa na pawa saplai nzima na prosesa uliyoijaribu kwingine, imebakiwa na mambo mawili: BIOS iliyoharibika au mazabodi yenyewe. BIOS huharibika zaidi pale umeme unapokatika katikati ya kuiboresha. Fundi mwenye kifaa cha CH341A anaweza kuiandika upya kwenye chipu ya miguu 8 kwa klipu, bila kuing'oa. Akague kifaa chake kwanza, kwa sababu zile nyeusi za bei nafuu hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data wakati chipu nyingi zinataka 3.3.

Inawaka, kisha inaganda au kujizima

Mashine inayowaka vizuri asubuhi ikiwa ya baridi na kuganda baada ya nusu saa, au inayohitaji kuwashwa mara tatu ndipo ishike, tazama kapasita.

Mulika zile pipa ndogo zilizopangwa kuzunguka prosesa. Kapasita nzima ina kichwa bapa kama meza, chenye mikato iliyochongwa kwa umbo la K au X. Iliyochoka imevimba kichwa, hata kidogo tu. Pitisha kidole juu yake utahisi kilima. Iliyokwisha kabisa imepasuka kwenye mikato hiyo na kutoa ganda la kahawia kama kutu, au imevujia chini na kuegemea upande. Zile fupi zisizo na mikato, zenye alama ya rangi juu na zisizovaa plastiki, ni za polima. Hazivimbi hivi na ni nadra kusumbua.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na wimbi la kapasita zenye majimaji yaliyotengenezwa vibaya. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kubadilisha mazabodi, zikiwemo za OptiPlex GX270. Lakini hata kapasita nzuri ina umri. Iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 huongeza maisha yake maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto unazopunguza. Kwa nyuzi 65 hiyo ni saa 32,000, yaani karibu miaka 11 ya kufanya kazi saa 8 kwa siku. Mashine ya ofisini yenye umri huo imefika pale pale hesabu ilipoiagiza, na kasha lililoziba vumbi linaifikisha mapema zaidi.

Huu ndio ubovu wa mazabodi unaostahili kutengenezwa, na vipuri vyake ni vya bei ndogo. Nunua kapasita za ESR ndogo (ukinzani mdogo wa ndani), za nyuzi 105, kutoka kwa watengenezaji wanaoaminika kama Panasonic, Nichicon au Rubycon. Uwezo wake uwe uleule, kwa kawaida mikrofaradi 820, 1,000 au 1,500. Volti ziwe zilezile au zaidi, 6.3 kwa upande unaolisha prosesa na 16 kwa upande wa kuingiza volti 12. Pima kipenyo, milimita 8 au 10, maana pana haitaingia kati ya wenzake. Kapasita za kawaida za redio zinalingana kwa namba, lakini hapa huchemka na kupasuka baada ya muda mfupi. Na ukikuta tatu zimevimba kati ya sita za aina moja, badilisha zote sita.

Piga picha kabla ya kutoa hata moja. Mstari uliochorwa kwenye kapasita ni upande wa hasi. Kwenye mazabodi duara huwa na nusu iliyopakwa rangi, na kwa watengenezaji wengi nusu hiyo ni hasi, ila wapo wanaopaka upande wa chanya. Fuata picha yako, usifuate rangi. Kapasita ikiwekwa kinyume hulipuka.

Kulehemu kwenyewe kunataka subira. Mguu wa hasi umeungana na tabaka pana la shaba ndani ya ubao, nalo linanyonya joto kuliko unavyotarajia, hivyo pasi ya wati 25 haifai. Tumia ya wati 60 yenye ncha bapa, nyuzi 380 hadi 400. Anza kwa kuongeza lehemu mpya ya 63/37 juu ya ile ya kiwandani. Ya kiwandani haina risasi na huyeyuka karibu nyuzi 217. Mpya huyeyuka kwa 183, na zikichanganyika kazi inakuwa laini. Pasha mguu mmoja huku ukiegemeza kapasita kidogo, hamia wa pili, rudi wa kwanza, mpaka itoke yenyewe. Usivute. Ukivuta lehemu haijayeyuka, ule mrija wa shaba ndani ya tundu unatoka pamoja na mguu, na tabaka za ndani zinapoteza mawasiliano. Tundu lililoziba lipashe na uchomeke ncha ya kijiti cha meno lehemu ikiwa maji. Weka mpya, lehemu, kata miguu, safisha kwa spiriti.

Saa inarudi nyuma kila siku

Ni betri ya CR2032. Mwaka ukirudi nyuma, kivinjari nacho hukataa tovuti nyingi kwa kudai cheti si sahihi, na watu huanza kulaumu intaneti.

Kiungo kimoja kimekufa, vingine vinafanya kazi

Tundu la mtandao likifa baada ya radi, mara nyingi umeme uliingia kupitia waya wa mtandao, na kadi ya mtandao ya kuchomeka kwenye nafasi ya PCIe ya mazabodi inamaliza shida. Hadi diski ikipotea, badilisha kwanza waya wa SATA (unaounganisha diski na mazabodi) na tundu kabla ya kushuku chochote kingine. Lakini kama ile chipu kubwa iliyo chini ya chuma kidogo cha kupoozea inachemka kiasi cha kuunguza kidole ndani ya sekunde chache tangu kuwasha, chipseti imechapa shoti, na hapo mazabodi imekufa kweli. Usikubali iookwe kwenye oveni. Ikifufuka ni kwa siku chache, mvuke wa plastiki na lehemu ni sumu, na oveni hiyo haifai tena kwa chakula.

Ukiamua kubadilisha mazabodi

Linganisha namba ya kipuri iliyoandikwa kwenye ubao wenyewe. Jina la modeli halitoshi: OptiPlex 780 ya kasha kubwa na ya kasha dogo zina mazabodi tofauti. Pima pia thamani ya kazi yako. Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hizi hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Kwa Linux au kazi ya kuchapa na kuprinti bado zinafaa, lakini kama mazabodi ya mtumba inakaribia bei ya mashine nzima ya kizazi cha 8, nunua mashine.

Kabla ya kuchomoa hadi diski ya zamani, uliza kama BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data ya diski, ilikuwa imewashwa. Kama ndiyo, funguo ziko kwenye mazabodi iliyokufa, na bila ile namba ndefu ya kurejesha yenye tarakimu 48 data haitafunguka. Kama haikuwashwa, adapta ya SATA kwenda USB inatosha kuhamisha mafaili.

Unapofunga mazabodi mpya, hesabu vile vinyanyuzi vya shaba vilivyo kwenye kasha: kila kimoja kiwe chini ya tundu la skrubu. Kilichobaki mahali pasipo na tundu kinagusa mgongo wa ubao na kuchapa shoti siku ya kwanza. Windows ya zamani ikileta skrini ya bluu inapoanza, ingia BIOS na utazame mpangilio wa SATA. Dell nyingi hutoka zikiwa kwenye RAID, na kama diski ilizoea AHCI (hizo ni namna mbili za mazabodi kuzungumza na diski), badilisha tu hapo. Kisha acha Memtest86+, programu ya kupima RAM, izunguke usiku kucha kasha likiwa limefungwa, kwa sababu kosa linalosubiri joto halionekani meza ikiwa wazi na feni ya dari ikivuma.